Kidole chenye maji nacho kina haki ya kufungua ukurasa

Maji yakipwa Nyamisati, safari husimama. Abiria wa Mafia husogea kivulini, na wanaorudi vijijini ndani ya delta ya Rufiji, wa Mbwera, wa Kiongoroni, wa Msala, hupanga magunia na madumu yao karibu na gati wakijua kwamba nahodha hataita mtu kabla maji hayajaanza kujaa. Huku bahari ndiyo inayopanga ratiba. Bamvua lina saa zake, maji mafu yana saa zake, na viko vijito ambavyo boti lililosheheni haliviingii mpaka maji yatoshe. Mtu anaweza kungoja asubuhi nzima.

Saa hizo za kungoja ni mali. Tumezoea kuambiwa kwamba Watanzania hawasomi kwa kuwa maisha yamewabana na muda hawana. Gatini Nyamisati muda upo, na wanaojua kusoma wapo. Kinachokosekana ni kitabu. Tena kitabu cha karatasi, pamoja na heshima yake yote, katika delta kinaishi kwa taabu: hewa ya chumvi inakilegeza, unyevu unakiotesha ukungu, mchwa wanakimaliza. Na mto ukifurika, kama ulivyofurika Aprili 2024 ukazamisha mashamba na makazi ya watu wa Kibiti na Rufiji, hakuna anayeokoa kabati la vitabu kabla ya kuokoa watoto na chakula.

Ndiyo sababu naamini kwamba kifaa cha kusomea cha kielektroniki kina nafasi kubwa Kibiti kuliko hata Masaki, Dar es Salaam. Namaanisha kile chembamba chenye uzito usiofika robo kilo, kinachobeba vitabu mamia, na ambacho chaji yake hupimwa kwa wiki. Kibao kimoja cha sola juu ya paa la makuti kinaweza kuchaji vifaa vya darasa zima. Lakini nina sharti, nami nalitamka mapema ili msomaji ajue ninakokwenda: kifaa hicho kikinunuliwa kwa ajili ya watu wa delta, kiwe na vitufe halisi vya kufungulia kurasa, vinavyobonyea chini ya kidole. Kioo cha kugusa peke yake hakiwafai. Wanaonunua kwa fedha za umma wana wajibu wa kulizingatia hili kabla hawajasaini mkataba wowote.

Nianze na kinachokifanya kifaa hiki kiwe tofauti na simu. Ukurasa wake hauwaki. Ndani ya kioo mna vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kila kifuko kina chembe nyeupe na chembe nyeusi. Umeme ukipita, chembe za rangi moja hupanda juu na za rangi nyingine hushuka, herufi zikajichora. Zikishajichora hukaa hapo bila kuhitaji umeme tena mpaka ukurasa ubadilishwe. Teknolojia hiyo inaitwa E Ink, na kampuni yake ilianzishwa mwaka 1997 na watu waliotoka katika maabara za chuo cha MIT, Marekani. Kwa mtu aliye juu ya maji saa saba mchana, faida yake ni dhahiri: jua kali linalofuta kioo cha simu ndilo linaloung'arisha ukurasa wa E Ink. Kadiri mwanga unavyozidi, ndivyo maandishi yanavyosomeka.

Vifaa vya kwanza vya aina hii vilikuwa na vitufe. Sony walitoa Librié nchini Japani mwaka 2004. Amazon wakaleta Kindle Novemba 2007 kwa dola 399, ikiwa na vibonyezo virefu kila upande na herufi za kuandikia kama mashine ya taipu. Haikuwa kamilifu: vibonyezo vile vilikuwa vikubwa kupita kiasi, na wasomaji walilalamika kwamba kukishika tu kifaa kulitosha kurusha kurasa. Matoleo yaliyofuata yalisahihisha kosa hilo. Kisha, mwaka 2011, ikaja Kindle ya kugusa isiyo na vitufe vya kurasa, na mwaka 2012 Paperwhite ikafuata njia hiyohiyo. Mwaka 2016 Amazon wakarudisha vitufe katika Oasis, kifaa cha bei ya juu kilichozidi dola 280, na mwaka 2024 Oasis nayo ikaondolewa sokoni. Leo anayetaka vitufe lazima atafute kwingine, kwa mfano Kobo Libra au kile cha Barnes & Noble.

Tuuangalie mwenendo huo kwa makini. Kitufe kilianza kuwa cha kila msomaji, kikawa cha mwenye fedha nyingi, kisha kikatoweka kabisa katika vifaa vya kampuni kubwa kuliko zote. Katika safari yote hiyo sioni mahali ambapo mvuvi wa kamba au mkulima wa mpunga alifikiriwa. Msomaji aliyekuwa akilini mwa wabunifu ni mtu aliyekaa kwenye kochi, ndani ya nyumba kavu, mikono yake laini na safi. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kioo kitupu kinapendeza dukani, na kidonda chake kinauma mbali na duka.

Kinauma kwa namna gani? Hapa inabidi tujue kioo cha kugusa kinavyofanya kazi. Vioo vya simu zetu, na vya vifaa vingi vya kusomea vya sasa, vimefunikwa na uwanja hafifu wa umeme. Mwili wa binadamu una maji na chumvi, kwa hiyo unapitisha umeme. Kidole kikikaribia kinauvuta uwanja huo, na saketi inapima mahali ulipovutwa. Hiyo ndiyo siri yote. Sasa chukua tone la maji ya bahari. Nalo lina chumvi na linapitisha umeme, kwa hiyo kioo kinaweza kulihesabu kuwa ni kidole. Matone matatu ni vidole vitatu. Ukurasa unaruka, unarudi, kitabu kinafungwa chenyewe, na msomaji hajui kafanya nini.

Upande wa pili uko mkono mkavu na mgumu. Ngozi iliyoota sugu haipitishi umeme vizuri, na kioo kinaweza kushindwa kuihisi kabisa. Delta ya Rufiji na nchi kavu ya Kibiti zina mikono ya aina zote mbili, mara nyingi kwa mtu mmoja katika siku moja. Wanawake wanaosuka mikeka, ile mikeka ya Rufiji inayosifiwa hadi Dar es Salaam, hupitisha ukindu kati ya vidole tangu utotoni, na ncha za vidole hukomaa. Anayebangua korosho kwa mkono hukutana na mafuta ya ganda, yanayounguza na kumenya ngozi. Mkulima wa mpunga ana sugu za jembe, mkata mikoko ana sugu za shoka. Mchambuzi wa kamba ana mikono iliyolowa siku nzima. Ni kina nani hasa waliobaki ambao kioo kitawatambua bila shida? Ni mwalimu, mwenye duka na mgeni aliyetoka mjini.

Tuliwahi kuliona tatizo linalofanana na hili. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipofanyika nchini mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, wapo wazee na wakulima ambao mashine ilikataa vidole vyao kwa sababu michirizi ilikuwa imefutika kwa kazi. Watu waliolijenga taifa kwa mikono wakaambiwa mikono yao haisomeki. Sitaki wala kuufikiria uwezekano wa mtu wa namna hiyo kupewa kitabu kisha kitabu kikamkataa kwa sababu ileile.

Ni haki niseme kwamba vioo vya kugusa si vya aina moja. Kindle ya kugusa ya mwaka 2011 na nyingine za wakati huo zilitumia miale ya mwanga usioonekana, inayopita juu ya kioo kutoka ukingo hadi ukingo. Chochote kinachoikata miale kinahesabiwa kuwa mguso. Aina hiyo haijali sugu, kwa sababu haihitaji umeme wa mwili. Lakini inadanganywa na mchanga, na inzi, na tone la maji lililokwama pembeni. Delta ina mchanga, ina inzi, na maji ndiyo yenyewe. Kitufe hakidanganywi na kimojawapo. Kinahitaji kitu kimoja tu, kusukumwa, na kila mkono unajua kusukuma.

Zaidi ya maji na sugu kuna suala la mwili mzima wa msomaji. Ndani ya boti mkono mmoja uko kwenye ubao au umemshika mtoto. Kifaa chenye vitufe pembeni hushikwa kwa mkono uliobaki, dole gumba likiwa palepale linapobonyeza. Huhitaji kuliinua, kulipeleka katikati ya kioo, kugusa, na kulirudisha. Boti likiyumba kidole hakipotei njia. Mzee ambaye mkono unamtetemeka anapogusa kioo, mtetemo wake unasomwa kama amri. Akiwa na kitufe, mtetemo hauhesabiki mpaka abonyeze kweli. Na mtu asiyeona anapopewa bamba la kioo lisilo na alama yoyote, anapewa uwanda usio na njia. Najua zipo programu zinazomsomea kwa sauti kila anachokigusa, na wasioona wengi wamezimudu kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo, kitufe kinachopapasika humpa mahali pa kuanzia bila mafunzo marefu.

Atakayesema haya ni mambo madogo na aikumbuke bahari ya Singapore. Tarehe 21 Agosti 2017 meli ya kivita ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta, na mabaharia 10 wakafa. Usukani na mwendo wa meli ile viliongozwa kwa vioo vya kugusa. Udhibiti ulipohamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine, mabaharia walidhani meli imepoteza usukani, na kwa dakika chache hawakujua nani anaongoza nini. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 uliutaja mfumo huo miongoni mwa sababu za ajali, na jeshi la majini likaamua kurudisha nyenzo halisi za kuongezea mwendo katika meli zake za aina hiyo. Katika magari nako mambo yamegeuka: shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, Euro NCAP, limeweka masharti kuanzia mwaka 2026 yanayoyapa alama magari yenye vidhibiti halisi vya honi, wapa na taa za ishara. Kitabu hakimgongi mtu, ni kweli. Lakini sababu iliyowarudisha hao kwenye vitufe ndiyo yangu: mkono unapaswa kujua umefanya nini bila jicho kuitwa shahidi kila mara.

Katika kusoma, jicho lina kazi yake. Liko ndani ya hadithi. Kila linapotolewa nje kwenda kukagua kidole kimegusa wapi, uzi unakatika. Mtafiti wa Norway, Anne Mangen, na wenzake walichapisha mwaka 2019 utafiti wa wasomaji 50 waliosoma hadithi moja ndefu, nusu kwa karatasi na nusu kwa Kindle. Katika maswali mengi makundi hayo mawili yalilingana. Waliosoma kwa Kindle walizidiwa katika kukumbuka nini kilitangulia na nini kilifuata. Maelezo waliyoyapendekeza watafiti ni kwamba mkono unaohisi kurasa zikipungua upande mmoja na kuongezeka upande wa pili humsaidia msomaji kujua yuko wapi. Utafiti ule haukulinganisha vitufe na kugusa, wala siutumii kuthibitisha hilo. Naupokea kwa jambo moja: mkono nao unasoma. Basi tusiunyime kila kitu cha kushika.

Sasa nizisikilize hoja za upande wa pili, maana zina uzito.

Hoja ya kwanza inatoka Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019 mashindano ya Global Learning XPRIZE yalipeleka vishikwambi vya kugusa kwa watoto wapatao 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa huo, kwa ushirikiano wa Serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Vituo vya kuchajia vilitumia sola. Programu zilimfundisha mtoto kusoma Kiswahili bila mwalimu kando yake, na mwezi Mei 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana zawadi ya dola milioni 10. Kazi ile ilikuwa kubwa, na kioo cha kugusa kilistahili sifa. Mtoto asiyejua herufi hawezi kufuata maelekezo ya vitufe, ila anaweza kugusa picha ya ng'ombe akasikia sauti yake, na kufuatisha umbo la herufi kwa kidole. Siondoi hata neno moja katika sifa hiyo. Lakini kujifunza herufi ni kazi moja, na kusoma riwaya ya kurasa 200 ni kazi nyingine. Aliyekwisha kujua kusoma hahitaji kugusa ng'ombe. Anahitaji ukurasa unaofuata, mara mia mbili, bila bughudha.

Hoja ya pili ni kwamba kitufe ni kitu kinachotembea, na kitu kinachotembea huchakaa. Chumvi itakila, maji yatapenya pembeni yake. Hofu hiyo ilikuwa na msingi zamani. Lakini Oasis ya mwaka 2017 ilikuwa na vitufe na iliweza kuzamishwa majini bila kufa, na Kobo Libra ni hivyohivyo. Mbali ya hapo, tunao ushahidi wa nyumbani. Nokia 1100, ile ya tochi, ilitoka mwaka 2003. Vitufe vyake vilifunikwa na kipande kimoja cha mpira kisichopitisha vumbi, na pande zake hazikuteleza mkononi. Zaidi ya simu milioni 250 za aina hiyo ziliuzwa duniani. Nani pwani hii hakuwahi kukishika kitochi? Kimepigwa na mvua, kimeanguka mchangani, kimelala kwenye ngalawa, asubuhi kikaita. Kampuni ikitaka kutengeneza kitufe cha kudumu inajua namna.

Hoja ya tatu ni bei. Kitufe kinaongeza gharama ya kiwandani, na kwa sasa vifaa vyenye vitufe huuzwa ghali kuliko visivyo navyo. Sikatai. Ila vifaa hupanda bei pia kwa sababu vinanunuliwa kimoja kimoja na watu wachache. Serikali inaponunua kwa maelfu, mnunuzi ndiye mwenye sauti. Na bei halisi ya kifaa huhesabiwa hadi siku kinapokufa. Kifaa cha bei nafuu kinachoishia kwenye droo ya mwalimu mkuu kwa sababu kimewakataa wasomaji ni ghali kuliko chochote.

Hoja ya nne naiongeza mwenyewe, kwa kuwa haki inanitaka niiseme. Vitufe peke yake haviokoi mradi. Shirika la Worldreader lilipopeleka Kindle zenye vitufe katika shule za Ghana mwaka 2010, wanafunzi walizipenda na walisoma, lakini katika mwaka wa kwanza takriban vifaa vinne katika kila kumi viliharibika, hasa kwa kuvunjika vioo. Somo la Ghana ni kwamba kifaa lazima kiwe imara kote, kiwe na jalada, na kiwe na vipuri. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: Worldreader hawakukata tamaa. Mwaka 2011 walifika Kilgoris, Kenya, na baadaye wakaweka vitabu katika simu za kawaida za vitufe. Mwaka 2014 UNESCO ilichapisha ripoti iliyowauliza watu zaidi ya 4,000 katika nchi saba, Uganda ikiwamo, wanavyosoma kwa simu. Wengi wao walikuwa na simu za bei ndogo, na walisema kusoma kwa simu kumewafanya wasome zaidi. Wenye simu za vitufe walifungua kurasa kwa kubonyeza.

Hapo ndipo nguvu yetu ilipo. Kitochi bado kiko mikononi mwa Watanzania wengi kuliko simu janja. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, bibi wa Mbwera amejifunza kupiga nyota, namba na reli, akafuata menyu hadi mwisho, akatuma fedha kwa mjukuu Mbagala bila kukosea. Ujuzi huo umo vidoleni mwake tayari. Kifaa chenye kitufe cha mbele na kitufe cha nyuma hakimtaki ajifunze lolote jipya ila kitabu chenyewe.

Wala si mara ya kwanza kwa nchi hii kufanikiwa kwa kuchagua chombo kinachomfaa mtu aliyeko kijijini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu pamoja. Redio ya wakati ule ilikuwa na kinundu cha kuwashia na kinundu cha kutafutia stesheni, na hakuna mkono ulioshindwa kuvizungusha. Rufiji yenyewe ina somo lake. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1990 mradi wa TEHIP, uliohusisha Wizara ya Afya na Kanada, uliwasaidia viongozi wa afya wa Rufiji na Morogoro Vijijini kupanga bajeti kwa kufuata magonjwa yaliyokuwa yakiwaua watu wao hasa. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache. Fedha iliyoongezwa haikuwa nyingi. Kilichobadilika ni kwamba matumizi yalianza kumfuata mwananchi alivyo.

Leo tunavyo vishikwambi. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vile walivyotumia makarani viligawiwa walimu, pamoja na vingine, nchi nzima. Nawapongeza waliofanya uamuzi huo. Walimu wa delta nao wanastahili zana, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada mtandaoni ambavyo kishikwambi kinaweza kuvifungua. Lakini kishikwambi kina mwanga unaochosha macho, chaji yake haimalizi siku mbili, na juani hakionekani. Ni zana ya mwalimu ya kuandaa somo. Mwanafunzi na jirani yake bado hawajapata chombo cha kusomea, na siku ya kuwanunulia itakuja. Naandika kabla haijafika kwa sababu baada ya zabuni kufungwa maneno yote huwa ni majuto.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, Bodi ya Huduma za Maktaba na Taasisi ya Elimu Tanzania zikae na Shirika la Viwango, ziandike viwango vya kifaa cha kusomea cha umma: ukurasa wa E Ink, vitufe vya mbele na nyuma vinavyofikiwa na mkono wa kulia na wa kushoto, uwezo wa kustahimili maji, na herufi zinazoweza kukuzwa kwa ajili ya macho ya wazee. Kioo cha kugusa kiwepo pia, kwa kutafutia maneno na kuandikia, siombi kiondolewe. Vitufe na mguso vinaweza kuishi katika kifaa kimoja, na vifaa vya namna hiyo vipo sokoni.

Pili, vifaa vijaribiwe na wenyewe kabla ya kununuliwa. Vipelekwe Nyamisati, Mbwera na Kibiti mjini. Wapewe wachambuzi wa kamba mikono ikiwa imelowa, wasuka mikeka, wabangua korosho, wazee wa darsa za msikitini, na wanafunzi wasioona. Kifaa kitakachowashinda hao kisinunuliwe, hata kama kimeshinda tuzo Ulaya.

Tatu, mkataba udai vipuri. Mwaka 2024 Kobo walianza kushirikiana na iFixit ili vipuri na maelekezo ya kutengeneza vifaa vyao yapatikane kwa yeyote, kwa hiyo jambo hili linawezekana. Fundi simu wa Kibiti au Ikwiriri anayebadilisha vioo kila siku anaweza kubadilisha betri na kitufe cha kifaa cha kusomea akipewa vifaa vyake. Kazi hiyo ibaki kwake.

Nne, vitabu viwe vya Kiswahili na viwe vya kutosha. Kifaa bora chenye vitabu kumi ni kibao kitupu. Viwemo vya kiada, riwaya za Shaaban Robert na za waandishi walio hai, tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy iliyotoka mwaka 1969, na vitabu vya kilimo cha mpunga na korosho. Wachapishaji walipwe haki yao, ili waendelee kuchapisha.

Watumishi wa umma mtakaoandika vigezo vya zabuni hiyo, nawaomba muongeze mstari mmoja usio na utaalamu wowote: kifaa kifungue ukurasa kwa kubonyezwa na mkono uliolowa, na mkono wenye sugu, na mkono mmoja peke yake. Ninyi wasomaji, wabunge na madiwani wenu mnawajua; waulizeni kama mstari huo umo. Ukikosekana, tutakuwa tumenunua vitabu kwa fedha za watu wa delta na kuwazuia watu wa delta wasivifungue.